Nilikata Ahadi ili Muhuri Upate Nafasi

Ndugu zangu wa makanisa yetu yote saba, kuanzia ninyi wa mjini Arua hadi ninyi mliotoka Koboko asubuhi hii, amani iwe kwenu. Na ninyi mliokaa karibu na mlango, amani iwe kwenu pia, ingawa najua kwa nini mmekaa pale. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mtanisamehe, kwa sababu nimefundisha darasa la Biblia pale Manibe miaka mingi na sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika kumi.

Nimekuja kushuhudia jinsi nilivyoanguka. Sikuanguka kwa pombe wala kwa mwanamke, kama baadhi yenu mlivyotumaini mliposikia mzee wa kanisa ana ushuhuda. Nilianguka kwa barua. Na sitataja jina la mtu. Atakayejitambua ajitambue kimya, na jirani yake asimtazame.

Ndugu zangu, nawaambia, kabla ya barua ilikuwako Biblia moja. Tulipokimbilia Kongo wakati ule wa matatizo, mimi nilikuwa kijana, na kambini nilimkuta kijana mwingine wa kwetu, mtu wa Koboko. Mimi Mlugbara, yeye Mkakwa, tukazungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa katikati yetu. Mwalimu mmoja mzee wa kule alitupa Biblia ya Kiswahili. Ilikuwa imechakaa, na siku moja ya mvua ilikatika mgongo, ikawa vipande viwili. Mimi nilibaki na nusu ya kwanza, Mwanzo hadi Malaki. Yeye alichukua Mathayo hadi Ufunuo. Tulikuwa tukibadilishana kila tukimaliza, na tuliporudi nyumbani, mimi Manibe na yeye Koboko, kila mmoja alibaki na nusu aliyokuwa nayo mkononi. Tukaapa jambo moja: atakayetangulia kufa, nusu yake ipelekwe kwa mwenzake, ili Biblia iwe moja tena. Mwenzangu huyo ndiye mzee wa kanisa letu la Koboko hadi leo.

Baada ya hapo nilinunua Biblia nyingine, nzima, yenye jalada jeusi, na nikasoma kozi za theolojia. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Mwaka jana darasani tulisoma zile barua saba ambazo Bwana alimwambia Yohana aziandikie makanisa ya Asia. Mnazijua. Efeso iliuacha upendo wake wa kwanza. Smirna iliteswa. Sardi ilikuwa na jina la kuwa hai, kumbe imekufa. Filadelfia haikukemewa hata kidogo. Na Laodikia ndiyo ile vuguvugu, si moto wala baridi, ambayo Bwana alisema ataitapika. Sasa nikawaza: Asia makanisa saba, na sisi hapa makanisa saba! Nikawapa wanafunzi kazi. Nikawaambia, kila mmoja aandike, kama barua hizi zingekuja kwetu leo, zingesema nini?

Walileta karatasi zao. Ndugu zangu, zilikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Mmoja aliandika: "Nayajua matendo yako, endelea vivyo hivyo, salamu kwa wote." Nikakasirika. Nikasema moyoni, hawa hawajui kukemea. Nikakaa nyumbani na kalamu, nikaandika zote saba mwenyewe.

Sitaficha kitu. Kanisa letu la Manibe nililipa Filadelfia, lile lisilo na kosa. Mnacheka, lakini wakati ule niliona ni haki kabisa. Ndugu zetu wakimbizi wa Sudan Kusini niliwapa Smirna, nikawatia moyo juu ya mateso ya siku kumi. Kanisa moja la mjini nililipa Sardi, kwa sababu ya kwaya yake. Kanisa jingine nililipa Thiatira, nikaandika kwamba kwenu yuko mwanamke anayejiita nabii. Sikuwa na mtu yeyote akilini, nilifuata tu Maandiko. Na Koboko nikaipa Laodikia.

Kwa nini Koboko? Kwa sababu walikuwa wameezeka mabati mapya, wakaweka dari, wakanunua viti vya plastiki vya buluu. Niliwatembelea mara moja na nikaona wivu, ingawa nilidhani ni uchungu wa kiroho. Nikaandika: "Unasema una mabati, una dari, una viti, wala huna haja ya kitu, nawe hujui ya kuwa wewe ni vuguvugu. Na mzee wako hulala usingizi wakati wa mahubiri, kinywa wazi, mbele ya watoto. Kwa hiyo nitakutapika." Hivyo ndivyo nilivyomwandika mwenzangu wa Kongo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo lilipo kosa langu. Mnajua karatasi isiyo na muhuri kwetu ni ya kufungia karanga. Nami nilikuwa natunza muhuri wa idara ya mafundisho, ule wa duara wenye wino wa zambarau. Barua za Bwana zina mwisho. Kila moja, hata ile kali kuliko zote, inaishia kwa ahadi. Lakini nilipofika chini ya karatasi nikaona nikiandika ahadi, muhuri utagonga juu ya maneno na hautasomeka. Kwa hiyo nikazikata ahadi zote saba, muhuri ukapata nafasi. Ulikaa vizuri sana.

Nikaziweka kwenye bahasha, nikaandika jina la kila kanisa, nikaziacha juu ya meza ya ofisi, pale dirishani. Nilisema ni za kusoma darasani Alhamisi. Lakini ninyi mnaijua meza ile. Ndipo zinapongojea barua za makanisa, na kila Jumamosi kijana wetu wa boda hupita kuzichukua bila kumwuliza mtu. Moyo wangu uliijua meza ile vizuri kabisa. Kwa hiyo sisemi zilikwenda kwa bahati mbaya.

Na kwetu barua ikifika na muhuri, katibu haisomi kwanza peke yake. Anaifungua mbele ya watu wakati wa matangazo, na wote wanaisikia kwa pamoja, yeye akiwemo.

Jumapili ile moto uliwaka kutoka hapa hadi mpakani.

Kule Thiatira yangu, wanawake wanne walisimama wakaomba msamaha na wa tano akaomba apewe ofisi. Wakimbizi waliniletea majibu ya adabu sana: "Mzee wetu, asante kwa barua. Zile siku kumi zimekwisha zamani. Tunaomba uhesabu upya." Jirani yangu mmoja Mkatoliki, anayesali Ediofe, alicheka hadi akashika mti. "Ninyi mnaandikiana Ufunuo?" alisema. "Sisi kwetu askofu akiandika, anaomba tu tufanye usafi."

Na wale wa Sardi, walioambiwa wamekufa, walikuja kwangu Jumatatu asubuhi. Kwaya nzima. Wamebeba adungu zote, vile vinubi vyetu vya nyuzi, ndogo na kubwa, hata ile kubwa ambayo mpigaji huikalia. Wakajipanga kwenye lango langu.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mzee, hakuna kitu," kiongozi wao akajibu. "Tumekuja tu uone tuko hai."

Wakaimba hadi saa nane mchana. Kuku wangu walihamia kwa jirani.

Lakini Koboko haikusema neno. Nilingoja Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilijua mwenzangu, akiudhika hutuma maneno marefu, na utani ndani yake. Alhamisi kijana wa boda akasimama mlangoni na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Ilikuwa nusu ya pili ya Biblia yetu. Mathayo hadi Ufunuo.

Ndugu zangu, nikakaa chini kwenye vumbi nikaanza kulia kwa sauti. "Amekufa! Mwenzangu amekufa! Mimi nimemwua!" Mke wangu, mama wa nyumba yangu, akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Majirani wawili wakaanza kulia nami, hata kabla ya kuuliza nani.

Kijana wa boda akashangaa. "Mzee, nani iko kufa?"

"Mzee wa Koboko! Si umeleta nusu yake?"

"Hapana, baba. Yule mzee iko mzima. Mimi nimemwacha anakula muhogo." Akawasha pikipiki yake. "Iko kasirika tu."

Majirani wakanyamaza, wakaenda zao bila kuaga, wakiwa wameudhika kwamba hakuna msiba.

Nilifurahi kwa dakika moja tu. Kisha nikaelewa. Nusu ile ilipaswa kuja siku atakapokufa. Ameituma akiwa hai, maana yake kwake mimi ndiye niliyekufa. Miaka yote ile, njaa yote ile ya kambini, imekwisha kwenye gazeti.

Wiki hiyohiyo Mchungaji akaniita. Darasa likasimamishwa na muhuri ukachukuliwa. Akaniambia kwa upole, "Mzee, pumzika kidogo." Mwajua mzee wa kanisa akiambiwa apumzike. Nikawa nakaa nyumbani nikijifariji kwamba manabii wote waliteswa. Nilimwambia mama wa nyumba yangu, "Ukweli unauma." Akasema, "Na wewe unauma." Akaendelea kuchagua maharage.

Huyu mama, ndugu zangu, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa langu mwenyewe. Anasoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Nami, Mungu anisamehe, sikuwahi kumwacha amalize. Jioni wakati wa sala akianza kusoma, mstari wa nne nilikuwa namnyang'anya Biblia ili twende haraka. Lakini jioni moja ya wiki iliyofuata sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya mtu kitu chochote. Akachukua ile nusu iliyorudi, akasema, "Nataka kuiona hiyo Laodikia iliyotuletea matata."

Akasoma. Kidole kikatembea. Akafika kwenye kutapika, nami nikainuka, kwa maana ndipo barua inapoishia.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Si umemaliza?"

"Sijamaliza. Hapa bado iko maneno."

Na ndugu zangu, maneno yalikuwapo! Niliyajua, niliyafundisha, lakini nilikuwa nimeyakata kwa mkono wangu hadi yakakatika kichwani pia. Akasoma neno baada ya neno kwamba Bwana anawakemea wale anaowapenda. Kisha akasoma kwamba amesimama mlangoni anabisha, na mtu akimfungulia, ataingia, nao watakula pamoja. Akanyanyua kidole.

"Mwalimu," akasema. Akiniita Mwalimu ujue mambo ni mabaya. "Huyu aliyewatapika anakwenda tena kubisha kwao, anaomba chakula?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulipowatapika, ulikwenda kubisha?"

Nikarudi nikaketi.

"Na barua ya nyumba hii iko wapi? Umeandikia makanisa saba. Sisi hapa nani alituandikia?" Hakungoja nijibu. Akashika kidole cha kwanza. "Nayajua matendo yako. Unafundisha upendo, lakini hujui mwanamke wako anasoma mpaka wapi." Akashika cha pili. Ndugu zangu, vidole vyake ni kumi, nami niliisikia barua yote.

Mnauliza barua zile za zamani zinatuhusu nini leo? Mimi nilijibiwa jikoni kwangu. Nilikuwa Efeso. Nilijua mafundisho, nilijua kuwapima watu, na upendo wa kwanza nilikuwa nimeuacha kambini Kongo. Niliwagawia watu makanisa mengine sita nikajipa Filadelfia, kumbe yangu ilikuwa ya kwanza kabisa katika orodha.

Ijumaa ya wiki hiyo nikaondoka kwenda Koboko na nusu zote mbili za Biblia mfukoni. Mama wa nyumba yangu akanipa kilo mbili za sukari. "Ukiingia ndani, uwape," akasema. "Usipoingia, uirudishe."

Nikafika kwa mwenzangu jua likiwa juu ya kichwa. Mlango umefungwa, lakini viatu vyake vilikuwa nje.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, mwenzako."

"Mwenzangu wa Kongo namjua. Yule wa Manibe simjui. Wewe iko nani?"

"Ndugu yangu, fungua. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha yako iko na muhuri?"

"Hauna."

"Hapo umeanza vizuri," akasema. Lakini hakufungua. "Ile barua nilisikiliza mpaka mwisho. Inaishia kwa kutapika. Mtu akishatapikwa, anafungua mlango ya nani? Barua yako haina mlango, ndugu yangu."

"Ina mlango. Mimi niliukata."

"Basi sema hiyo maneno uliyokata. Sema kwa nguvu. Ile nyingine ilisomwa mbele ya watu wote."

Basi mimi, mwalimu wa Biblia mwenye mvi, nikasimama juani nikitangaza mwisho wa barua ya Laodikia kwa mlango wa mbao. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga. Wengine wakaja na watoto mgongoni. Nikasema habari ya kukemewa kwa upendo, nikasema habari ya mlango, nikafika pale pa kula pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Alikuwa analia, na shavu lake lilikuwa na alama ya mbao.

Mke wake akaniletea kikombe cha chai. Nikaonja. Ilikuwa vuguvugu. Nikainua macho, nikamwona amesimama palepale, mikono kiunoni, na wanawake wote wa jirani wamejaa mlangoni, wanangoja waone kama nitaitema. Nikainywa hadi tone la mwisho, nikaomba cha pili. Wakapiga vigelegele! Cha pili kilikuwa moto hadi kikaniunguza ulimi, na kikaja na ugali wa muhogo na samaki mkavu wa karanga. Tukala kutoka sahani moja, kama kambini.

Nikalala Koboko hadi Jumapili. Siku hiyo mwenzangu aliniamsha kabla ya kengele ya kwanza. "Twende kazini," akasema. Nikadhani tunakwenda kusali. Akanipa ndoo na kitambaa.

Ndugu zangu, dari ile niliyoionea wivu imejaa popo. Wanalala juu yake, na kila usiku hupenya chini na kuvinyea viti vya buluu. Kila Jumapili mwenzangu hufika peke yake, huchota maji kisimani, hufuta kiti kimoja kimoja, hufagia, hufungua madirisha harufu itoke. Hakumwambia mtu, ili waliochanga mabati wasione aibu. Watu wanakuja wanakuta kumetakata, wanakaa. Naye anakaa mbele, na mwili wake unadai haki yake.

Tulivifuta vyote siku ile, wawili. Kisha ibada ikaanza. Mhubiri alipotaja kichwa cha somo, nilisikia. Kitu kilichofuata nilichosikia ni watoto wakicheka. Nilikuwa nimelala, kinywa wazi, mbele ya watoto, na kichwa changu juu ya bega la mwenzangu, naye amelala pia.

Kwa hiyo leo nashukuru. Namshukuru Mungu ambaye hakunitapika. Namshukuru mama wa nyumba yangu, ambaye siku hizi husoma sura nzima jioni, nami nangoja. Nashukuru wanawake wa Koboko kwa chai zote mbili. Nashukuru kwaya, ambayo iko hai kabisa, sina shaka tena. Namshukuru Mchungaji aliyenirudishia darasa na akabaki na muhuri.

Neno langu kwenu ni dogo. Mkipata barua ya Bwana, isomeni kwanza nyumbani kwenu, kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Na mkilazimika kuipeleka kwa mwingine, msiikate mwisho. Pale mwisho ndipo penye mlango.

Ile Biblia bado ni nusu mbili. Nilitaka tuishone, mwenzangu akakataa. Alinirudishia Mwanzo hadi Malaki, akashika Ufunuo. "Hii ibaki kwangu," akasema. "Ikikaa Manibe utaandika tena."

Yeye yuko hapa leo, kiti cha tatu kutoka mbele. Nilitaka asimame mumwone, lakini naona usingizi umeshamchukua. Tafadhali msimwamshe. Tulifika hapa mapema, yeye na mimi, na viti mlivyokalia amevifuta yeye. Nami nikimaliza hapa nitakwenda kukaa karibu naye, kwa sababu dakika zangu kumi zimekwisha zamani, na macho yangu pia yamekuwa mazito.